Mtoto hatulii, hasikii, anasahau: namna ya kulea mtoto mwenye shida ya kukaza akili

Katika kila kartie ya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, kuko mtoto mmoja ambaye jina lake linaitwa kuliko majina ya wengine wote. Asubuhi linaitwa juu hajavaa kiatu cha pili. Adhuhuri linaitwa juu amerudi toka masomo bila kaye. Mangaribi linaitwa tena: alitumwa kununua chumvi, na amekutwa anaangalia watu wanaotengeneza chukudu, franga ziko mkononi, chumvi amesahau kabisa.

Nyumbani wanasema: "Huyu mutoto hasikiake." Mwalimu anasema: "Ni kichwa nguvu." Majirani wengine wanasema maneno mabaya zaidi ya hayo. Na mtoto mwenyewe, kwa kusikia hayo kila siku, anaanza kuamini kwamba yeye ni mtu wa bure.

Wengi kati ya watoto hao ni watoto tu wenye nguvu, watatulia wakikomaa. Lakini wamoja wako na shida ya afya ambayo wanganga wanaijua vizuri. Kwa Kifaransa inaitwa trouble du déficit de l'attention avec ou sans hyperactivité, na kwa kifupi TDAH. Hayo ndiyo maandishi ambayo mzazi anaweza kuyaona kwenye karatasi ya hospitali. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ni shida ya kukaza akili na ya kutulia. Duniani, karibu watoto 5 kati ya 100 wako nayo. Katika kalasi ya watoto 60, hiyo inaweza kuwa watoto 3.

Dalili zake ni zipi?

Dalili ziko za aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza ni za kukosa kukaza akili. Mtoto anaanza kazi na hamalizi. Anapoteza vitu: biki, kaye, sandali, franga za kutumwa. Unasema naye, anakuangalia, lakini ni kama maneno hayaingii. Anafanya makosa kwenye hesabu ambazo anazijua. Anasahau kazi ya kila siku, hata ile anayoifanya tangu mwaka mzima.

Aina ya pili ni za kukosa utulivu na kukosa subira. Mtoto hawezi kukaa kwenye benchi, miguu na mikono inacheza. Anakimbia na kupanda juu ya vitu hata pahali ambapo haifai. Anasema bila kukoma. Anajibu mbele mwalimu hajamaliza ulizo. Anakata maneno ya watu wakubwa. Kungojea zamu yake ku robine ni mateso kwake.

Watoto wengine wako na aina ya kwanza peke yake, wengine ya pili peke yake, wengine zote mbili. Wanaume wanatambuliwa mara nyingi kuliko wasichana, juu fujo inaonekana haraka. Msichana mwenye TDAH mara nyingi anakaa kimya nyuma ya kalasi, macho kwenye dirisha, na watu wanasema tu kwamba ni mvivu ao ni mtoto wa ndoto. Kwa hiyo msichana anaweza kumaliza primeri nzima bila mtu kujua kwamba anahitaji msaada.

Ni mtoto gani hajawahi kusahau, ao kukimbiakimbia? Ndiyo maana wanganga wako na masharti. Dalili zinapaswa kuwa nyingi, ziwe zimedumu kwa miezi 6 ao zaidi, ziwe zilianza mbele ya miaka 12, na zionekane pahali mbili ao zaidi: nyumbani na masomo, kwa mfano, ao masomo na kanisani. Tena ziwe zinamharibia mtoto masomo yake ao maisha yake pamoja na wengine. Mtoto ambaye anasumbua mwalimu mmoja tu, na kwingine ametulia, pengine shida iko katika ile kalasi.

"Lakini mbona mupira anaucheza vizuri?"

Hilo ni ulizo la karibu kila mzazi. Mtoto hawezi kuandika mistari mitano, lakini anaweza kucheza mupira saa mbili ao kukaa kwenye telefone mpaka umeme unaisha. Basi wazazi wanasema: anaweza, ila hataki.

Ubongo wa mtoto mwenye TDAH unashika kwa urahisi kitu kinacholipa palepale: bao, kelele za wenzake, picha inayobadilika kila mara. Kitu ambacho malipo yake yako mbali, kama vile pointi za mwisho wa trimestri, hakimshiki. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosaidia mtu kungoja, kupanga na kujizuia, inakomaa pole pole kwake. Watafiti wa Marekani walipima ubongo wa watoto kwa mashini za picha, na mwaka 2007 walitangaza kwamba kwa watoto wenye TDAH sehemu za juu za ubongo zilifika kiwango chake kwenye miaka 10 na nusu, wakati kwa watoto wengine ni miaka 7 na nusu.

Kwa mzazi, hiyo ina maana moja ya kila siku. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuwa na akili nzuri ya miaka 10 katika kuelewa mambo, lakini kujizuia kwake ni kwa mtoto wa miaka 7. Ukimtuma kama wa miaka 10, atakuangusha. Ukimsimamia kama wa miaka 7, atafika.

Inatoka wapi?

Sababu ya kwanza ni damu, yaani ukoo. Shida hii inarizishwa sana. Mara nyingi ukimweleza koko mambo ya mtoto, koko anacheka na kusema: "Baba yake alikuwa vile vile." Kuko pia sababu zingine zinazoongeza hatari: mtoto kuzaliwa mbele ya wakati ao na kilo kidogo sana, mama kunywa pombe akiwa na mimba, sumu ya madini ya risasi.

Kwetu tunapaswa kuongeza malaria kali inayopanda kwenye kichwa. Utafiti uliofanywa ku hospitali ya Mulago, Kampala, nchini Uganda, ulionyesha kwamba watoto wamoja waliopona malaria ya ubongo walibaki na shida ya kukaza akili muda mrefu nyuma ya kupona. Kulala ndani ya chandarua, kwa hiyo, kunalinda pia masomo ya mtoto.

Sukari hailetei mtoto TDAH. Mama kufanya biashara inje haileti TDAH. Malezi mabaya yanaweza kuongeza fujo, lakini hayaanzishi ugonjwa huu. Na ulozi hauna pahali hapa.

Mbele ya kusema ni TDAH

Katika provensi zetu, mambo mengi yanafanana na TDAH na si yenyewe. Mzazi na munganga wanapaswa kuyaangalia moja moja.

Masikio kwanza. Mtoto ambaye masikio yake yalitoka usaha mara nyingi anaweza kuwa hasikii vizuri. "Hasikiake" inaweza kuwa kweli kabisa. Halafu macho: mtoto asiyeona ubao atacheza. Njala ya kudumu, bwaki, kukosa damu na minyoo vinachosha akili. Usingizi mfupi pia: mtoto mchanga akikosa usingizi hasinzii kama mtu mkubwa, mara nyingi anaongeza fujo.

Kuko pia kifafa cha namna ya kimya. Mtoto anasimama ghafla katikati ya kazi, macho yanabaki wazi kwa sekunde chache, haitiki, halafu anaendelea kama hakuna kitu. Haanguki. Watu wanasema "aliwaza mbali." Kifafa hicho kiko na dawa yake, na inafaa kionwe na munganga bila kukawia.

Na kuko vita. Mtoto aliyesikia masasi usiku, aliyekimbia na godoro kichwani, aliyeona mtu wake anakufa, anaweza kushindwa kukaza akili miaka mingi. Anashituka mlango ukifungwa kwa nguvu. Anaota ndoto mbaya, anakojoa tena kitandani, anapata hasira ya ghafla. Ubongo wake uko unachunga hatari, hauna nafasi ya hesabu.

Namna ya kutofautisha ni kuuliza: ilianza wakati gani? TDAH inaonekana tangu utoto, hata mbele ya kukimbia. Mshituko wa vita unaanza nyuma ya tukio, na unakuja pamoja na woga na ndoto. Lakini mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na hapo anahitaji msaada wa pande zote mbili.

Fimbo na chumba cha maombi

Wazazi wengi wamejaribu fimbo, na wanakubali wenyewe kwamba fimbo ya jana haikuzuia kosa la leo. Sababu ni ile ile. Mtoto hakukosa juu amesahau kuogopa. Alikosa juu, wakati wa tendo, hakuweza kujizuia. Kumpiga kunamfundisha kusema uongo na kujificha, na kwa mtoto ambaye tayari ameona jeuri ya vita, kunaongeza woga.

Familia zingine zinamupeleka mtoto kwa mufumu, ao kwenye chumba cha maombi, na huko wanaambiwa kwamba ni mulozi. Kuna watoto wanaofungwa, wanaonyimwa chakula, na wanaofukuzwa mpaka barabarani. Kuombea mtoto si vibaya. Lakini katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kutupa mtoto, kumtesa, na kumshitaki kwa ulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakuja kuimarisha hayo. Anayefanya vile anaweza kupelekwa mbele ya sheria, hata kama ni mzazi ao mtumishi wa Mungu.

Nyumbani: mambo yanayosaidia na yasiyolipwa

Kumfundisha mzazi namna ya kuongoza mtoto ndiyo dawa ya kwanza, zaidi kwa mtoto ambaye hajafika miaka 6. Haiombi franga. Inaomba kurudilia kila siku.

Karibia, halafu sema. Amri inayopigwa kelele toka jikoni inapotea njiani. Fika karibu, taja jina lake, gusa bega, ngoja akuangalie. Toa amri moja. "Chukua bido. Leta hapa." Akimaliza, toa ya pili. Usiseme: "Chukua bido, enda ku robine, ukirudi pita kwa mama mdogo umuulize sahani yetu, na usisahau makala." Muombe arudilie maneno yako kwa kinywa chake mbele hajaondoka.

Sema kile unachotaka. "Tembea pole pole" inaingia vizuri kuliko "usikimbie."

Sifu palepale. Mtoto huyu anasikia makosa yake mara nyingi kwa siku. Mtafutie akifanya vizuri, hata kidogo, na umwambie hapo hapo, kwa jambo lenyewe: "Umerudisha franga zote, asante." Sifa ya kesho haina nguvu.

Weka sheria chache, tatu ao nne, na malipo yanayojulikana. Akivunja, malipo yawe madogo, ya haraka, na yale yale leo na kesho: kukaa pembeni dakika chache, ao kukosa mchezo wa jioni hiyo. Adhabu ya wiki nzima haifundishi kitu, juu siku ya tatu ameisha kusahau sababu. Baba, mama na koko wapatane. Kama mama anakataza na koko anaruhusu, kazi inaanza upya.

Panga siku. Kuamka, kuoga, kula, masomo, maji, kaye, kulala: kila kitu kwa zamu yake. Pasipo na saa ukutani, redio inaweza kuwa saa: habari za mangaribi zikianza, ni wakati wa kaye. Hata katika kambi ya wahami, chini ya shitingi, familia inaweza kulinda mambo mawili yasiyobadilika: saa ya kula na saa ya kulala.

Vitu viwe na pahali pamoja. Msumari mmoja ukutani kwa mfuko wa masomo. Mfuko unatayarishwa jioni, si asubuhi.

Kata kazi vipande vipande. Hesabu tano, anasimama, analeta maji kikombe kimoja, anarudi, hesabu tano zingine. Kazi za mwili zinamfaa mtoto huyu, na mchezo wa kukimbia mbele ya kaye unaweza kumsaidia kutulia.

Chunga hatari. Watoto wenye TDAH wanaumia zaidi ya wengine, juu wanatenda mbele ya kuwaza. Mbabula iwekwe pahali pasipo njia. Barabarani ashikwe mkono, hata kama amekua, juu ya moto na magari. Asiachwe peke yake kando ya ziwa ao mto. Na kumwachia huyu mtoto kitoto kichanga achunge peke yake ni kuwatia wote wawili katika hatari.

Mwishoni, mpe dakika kumi zake kila siku: mzazi na mtoto, mtoto anachagua mchezo ao hadithi, na hakuna kukaripia. Wazazi wengi wanasahau kwamba mtoto huyu anachekesha, anajua kuvumbua vitu, na ana roho ya kusaidia.

Kwenye masomo

Tangu Septemba 2019, masomo ya primeri katika shule za serikali ni ya bure. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia, lakini kalasi nyingi zilijaa kupita kiasi, watoto wanne ao watano kwenye benchi moja. Mwalimu mmoja katika hali hiyo hawezi kufanya muujiza. Kuko mambo machache anayoweza.

Amweke mtoto mbele, mbali na mlango na dirisha, kando ya mtoto aliyetulia. Amtume kufuta ubao ao kugawa kaye, ili apate kusimama bila kuadhibiwa. Apatane naye alama ya siri, kama kugusa benchi, ili kumrudisha kwenye kazi bila kumpatisha haya mbele ya wote. Amuulize pia kwa kinywa, juu mara nyingi anajua kuliko anavyoandika. Na asimnyime pumziko: mtoto aliyenyimwa kukimbia saa nne atakuwa na fujo zaidi saa tano.

Mzazi na mwalimu wanaweza kutumia kaye ndogo moja. Wanachagua mambo mawili ao matatu, kwa mfano: alibaki kwenye benchi, alimaliza zoezi, hakukata maneno. Kila siku mwalimu anaweka alama, nyumbani mzazi anaangalia na kumlipa mtoto kwa kitu kidogo: hadithi, mupira, yai. Njia hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi na inasaidia. Mzazi aende kumuona mwalimu mwanzo wa mwaka, akija kwa kusaidiana. Mzazi anayefika siku ya ugomvi tu hasikilizwi vizuri.

Na dawa?

Kuko dawa. Inayojulikana zaidi ni metilfenidati, ambayo watu wengine wanaijua kwa jina la Ritaline. Haiponyeshi kabisa, lakini kwa watoto wengi inapunguza dalili wakati inafanya kazi mwilini. Inapewa na munganga mwenye ujuzi wa akili ao wa watoto, kwa kawaida kuanzia miaka 6, kisha njia zingine kujaribiwa. Inaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, na kuharakisha moyo. Kwa hiyo munganga anapima kilo, urefu na tansio ya mtoto kila mara. Kwa mtoto ambaye tayari ana kilo kidogo, hilo ni jambo la kuangalia sana.

Kumpa mtoto dawa za usingizi kama Valium ili anyamaze si matunzo ya TDAH, na ni hatari. Vile vile dawa za kununua sokoni bila karatasi ya munganga.

Kumuona nani?

Kuanza ni kwenye kituo cha afya cha karibu: masikio, macho, damu, minyoo, kilo. Halafu kuomba karatasi ya kutumwa kwenye hospitali kubwa ya eneo. Katika upande wa mashariki, matunzo ya akili yanajulikana zaidi kwenye SOSAME huko Bukavu na kituo Tulizo Letu huko Goma. Wanasaikolojia wa mashirika yanayosaidia wahami wanaweza pia kumsikiliza mtoto aliyepitia vita. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha TDAH. Munganga anaijua kwa kuuliza mzazi, kuuliza mwalimu, na kumuangalia mtoto. Anayeomba franga nyingi kwa "mashini ya kuona TDAH" anadanganya.

Watoto wengi, wakikua, mbio ya mwili inapungua. Kusahau na kukosa mpangilio kunaweza kubaki hata kwa mtu mkubwa. Na kwa kuwa shida inapita katika ukoo, mzazi mmoja anaweza kujitambua katika mambo haya yote. Hapo si vibaya kumwambia mtoto: "Mimi pia nilikuwa hivi."

Kulea mtoto huyu kunachosha. Mama anayelala akilia kila usiku hawezi kuwa na subira asubuhi, kwa hiyo wengine nyumbani wapokee zamu: shangazi siku moja, kaka mkubwa siku nyingine.

Kazi ya kuanza nayo haiombi safari. Mzazi achukue karatasi, aandike kwa siku 7: saa gani fujo inazidi, saa gani mtoto anatulia, alilala saa ngapi, alikula nini, nini kilisaidia. Muulize mwalimu aandike pia. Karatasi hizo mbili, siku ya kwenda kituo cha afya, zitamsaidia munganga kuliko maneno "huyu mutoto hasikiake."